Mbata Kavu Kwanza, Mtambo Baadaye

Hakuna mwenye minazi katika Unguja na Pemba asiyemjua adui wa mbata. Mvua ikinyesha kabla mbata haijakauka, au mbata ikirundikwa ghalani ingali na maji ndani yake, siku chache hazipiti ila ukungu huota, rangi hugeuka, na mafuta yatakayokamuliwa humo hutoka na harufu ya kuchacha na ukali unaokwaruza koo. Mnunuzi hupunguza bei, na mkulima hurudi nyumbani na hasara. Kwa muda mrefu jambo hili limehesabiwa kuwa bahati mbaya ya msimu. Leo tunapenda kulitazama kwa upande wa pili, kwani kitu kinachoiharibu mbata yetu ni cha jamii moja na kile ambacho viwanda vya nchi nyingine vimekifuga na kukitumikisha kwa faida kubwa.

Ukungu unapoota juu ya mbata hutoa kimeng'enya. Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha mageuzi ya kikemia katika kila chenye uhai. Bila ya hivyo chakula kisingesagika tumboni. Kimeng'enya kinachoshughulika na mafuta huitwa lipasi. Kila chembe ya mafuta tunaweza kuifananisha na shina lenye matawi matatu: shina ni gliserini, na matawi ni asidi za mafuta. Palipo na maji mengi, lipasi huyakata matawi hayo, na asidi zilizoachwa huru ndizo zinazoleta ule ukali. Lakini palipo na maji kidogo mno, lipasi hiyo hiyo hufanya kazi ya kinyume: huyaunganisha matawi na shina, au hulitoa tawi la shina hili na kulipandikiza katika shina lile. Hivyo, kinachoamua kama lipasi itabomoa au itajenga ni kiasi cha maji.

Ilikuwapo taabu moja. Kimeng'enya kikimwagwa ndani ya mafuta hakitolewi tena kwa urahisi. Hutumika mara moja kikapotea, nacho ni ghali. Dawa iliyopatikana ni kukishikiza juu ya chembe ngumu zenye vitundu vidogo sana, za silika au za plastiki. Chembe hizo hujazwa katika mnara wa chuma. Mafuta huingia upande mmoja na kutoka upande wa pili yakiwa yamekwisha kugeuzwa, na kimeng'enya hubaki pale pale kikingojea mafuta mengine. Kwa njia hiyo kilo moja ya chembe huweza kuyashughulikia mafuta ya tani kadhaa kabla ya nguvu yake kwisha.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1916 wataalamu wawili wa Marekani, Nelson na Griffin, walionyesha kwamba kimeng'enya cha sukari kilichonata juu ya mkaa kiliendelea kufanya kazi yake. Mwaka 1969 kampuni ya Tanabe Seiyaku ya Japani ikawa ya kwanza kutumia vimeng'enya vilivyoshikizwa katika uzalishaji wa kiwandani, kwa ajili ya kutenganisha asidi za amino. Upande wa mafuta ulifuata katika miaka ya 1970 na 1980, na tangu hapo matumizi yameenea katika bidhaa ambazo wananchi wetu huzinunua madukani bila ya kujua zilivyotengenezwa.

Tuanze na majarini. Mwaka 1902 Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza ya njia ya kuyagandisha mafuta ya maji kwa kuyatia hidrojeni, nikeli ikiwa kichocheo. Njia hiyo ilisifiwa kwa miaka mingi, kwani iliyafanya mafuta ya bei nafuu yasimame kama siagi. Baadaye ikabainika kwamba hidrojeni ikitiwa nusunusu huzaa mafuta ya aina ya transi, ambayo hudhuru moyo na mishipa ya damu. Denmark iliyawekea mpaka kwa sheria mwaka 2003. Marekani ilitangaza mwaka 2015 kwamba mafuta yaliyotiwa hidrojeni nusunusu hayahesabiwi tena kuwa salama katika chakula. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likayataka mataifa yote yayaondoe mafuta ya transi ya viwandani, likikadiria kwamba husababisha vifo zaidi ya 500,000 kila mwaka.

Viwanda vikawa havina budi kutafuta njia nyingine ya kuyapa mafuta ugumu. Njia mojawapo ni kuchanganya mafuta magumu na mafuta laini, kisha kuyafanya yabadilishane matawi. Kazi hiyo iliwahi kufanywa zaidi kwa sodiamu methoksidi, kemikali kali inayolazimu mafuta yaoshwe na kusafishwa baadaye, na sehemu yake kupotea kwa kugeuka sabuni. Lipasi iliyoshikizwa huifanya kazi hiyo katika joto la nyuzi 70 hivi, bila ya kuosha na bila ya upotevu huo. Kwa ajili ya mafanikio haya kampuni ya Archer Daniels Midland ya Marekani na Novozymes ya Denmark zilitunukiwa mwaka 2005 tuzo ya rais wa Marekani kwa kemia isiyochafua mazingira. Na katika michanganyiko ya namna hii, mafuta magumu ya mawese mara nyingi huchanganywa na mafuta yenye asidi ya lauriki kwa wingi, nayo ni mafuta ya kokwa za michikichi, au mafuta ya nazi.

Majarini si mwisho wa habari. Mwaka 2009 kampuni ya Eastman ya Marekani ilipata tuzo hiyo hiyo kwa kutengeneza viungo vya vipodozi kwa vimeng'enya vilivyoshikizwa, pasipo vimumunyishi na pasipo asidi kali wala joto kubwa. Viungo hivyo huitwa esta, yaani asidi ya mafuta iliyounganishwa na alkoholi, na ndivyo vinavyoifanya krimu iteleze juu ya ngozi bila ya kunata. Lipasi inayotumika sana katika kazi za namna hii ilitokana na jamii ya hamira iliyopatikana katika tope la Ziwa Vanda, huko Antaktika. Vilevile hutengenezwa mafuta ya maziwa ya watoto wachanga yaliyopangwa kwa mfano wa maziwa ya mama, ambamo asidi ya palmitiki hukaa zaidi katika tawi la kati. Kiwanda huipanga asidi hiyo mahali pake kwa lipasi inayogusa matawi ya pembeni tu.

Hadi hapa msomaji anaweza kufikiri kwamba tunasimulia maajabu ya nchi za mbali. Lakini lipo jambo linalomhusu kila mkulima wa nchi za joto, na ndilo lililotufanya tuchukue kalamu.

Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Unilever walibuni namna ya kuyageuza mafuta ya mawese, kwa lipasi, yakawa na mpangilio ule ule wa siagi ya kakao. Fuji Oil ya Japani nayo ikaifuata njia hiyo. Siagi ya kakao ina bei kubwa kwa sababu huyeyuka mdomoni na si mkononi, na sifa hiyo hutokana na namna matawi yake yalivyopangwa. Anayeweza kuyapanga hivyo matawi ya mafuta ya bei ya chini, anaweza pia kumpunguzia soko mkulima wa kakao aliye Ghana au Kodivaa. Nchi za Umoja wa Ulaya zililiona hilo. Sheria yao ya chokoleti ya mwaka 2000 iliruhusu mafuta sita ya mimea kuingia katika chokoleti, kwa kiasi kisichozidi asilimia 5, lakini ikaweka sharti kwamba mafuta hayo yasiwe yamebadilishwa mpangilio wake kwa vimeng'enya. Sharti hilo dogo linatosha kutuonyesha jinsi neno moja katika sheria linavyoweza kuamua pato la mamilioni ya wakulima.

Visiwa hivi navyo vimewahi kuonja mambo hayo. Tangu mwisho wa karne ya 19 vanilini, ile harufu ya vanila inayotiwa katika vyakula vitamu, ilitengenezwa kutokana na yujenoli, nayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu. Katika miaka ya 1930 viwanda viligundua namna ya kuitoa vanilini katika mabaki ya mbao za kutengenezea karatasi, na soko hilo la mafuta ya karafuu likafifia. Mkarafuu haukuwa na kosa, wala mkulima hakuzembea. Ujuzi ulihamia mahali pengine, nasi tukabaki na mali ghafi mikononi.

Basi tuna nini sisi cha kuingia nacho katika biashara hii mpya? Tuna nazi, ambayo karibu nusu ya mafuta yake ni asidi ya lauriki, na zaidi ya asilimia 10 ni zile asidi fupi ambazo viwanda vya chakula cha wagonjwa na vya vipodozi huzitafuta. Tuna karafuu, na tuna kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, ambacho kimekuwa kikikamua mafuta ya mkarafuu. Mafuta ya makonyo yana yujenoli nyingi, lakini hayana kiasi kikubwa cha yujenili asetati, ambayo imo zaidi katika mafuta ya karafuu yenyewe. Watafiti wa nchi mbalimbali, wakiwemo wa Brazil, wamekwisha kuonyesha katika maabara kwamba lipasi iliyoshikizwa huweza kuigeuza yujenoli kuwa yujenili asetati. Hayo ni majaribio ya maabara na hayajawa kiwanda, nasi hatupendi kumdanganya mtu. Wala hatusemi mafuta ya makonyo yapakwe rangi ya mafuta ya karafuu na kuuzwa kwa jina lisilo lake. Huo utakuwa udanganyifu utakaoliharibu jina la visiwa vyetu. Tunasema kwamba kitu kipya chenye jina lake na bei yake kinaweza kuchunguzwa hapa kwetu, na vijana wetu, badala ya kukisoma katika majarida ya wengine.

Wapo watakaosema: kama ni hivyo, Serikali itafute mfadhili na kuagiza mtambo mara moja. Sisi tunapinga haraka hiyo, na sababu yetu ni ile tuliyoanza nayo. Lipasi iliyoshikizwa ni mtumishi mpole lakini mteule. Mafuta yenye maji, yenye asidi huru nyingi, yaliyochacha kwa kukaa, au yenye mabaki ya sabuni na madini, huichosha na kuiua kabla ya siku zake. Chembe ambazo zingefanya kazi kwa miezi zinaweza kuharibika kwa shehena chache za mafuta machafu, na kila zikiharibika itabidi ziagizwe nyingine kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo mtambo utakaolishwa mafuta ya mbata iliyoota ukungu utakuwa sanamu ya chuma kabla ya mwaka kwisha. Nazi mbichi ina maji karibu nusu ya uzito wa nyama yake. Mbata njema haipaswi kubaki na zaidi ya asilimia 6 au 7. Kazi yote ya mwanzo imo baina ya tarakimu hizo mbili, nayo hufanywa shambani, kwa jua, kwa tanuri safi na kwa ghala lisilovuja.

Wapo pia watakaosema kwamba mambo haya ni ya matajiri, nasi tuyaache. Hawa nao hatukubaliani nao. Ni kweli kwamba kiwanda cha majarini huhitaji maelfu ya tani za mafuta, na minazi yetu, ambayo mingi imezeeka, haiwezi kukishibisha. Lakini esta za vipodozi na za manukato huuzwa kwa kilo, na uzuri wa chembe hizi ni kwamba hufanya kazi katika joto la kadiri na bila ya mgandamizo mkubwa. Mnara mrefu kama mtu unaweza kutosha kwa majaribio. Kisiwa hakiwezi kushindana na bara kwa wingi wa mafuta. Kinaweza kushindana kwa usafi wa kitu kidogo chenye thamani.

Kwa hayo tunatoa mapendekezo manne kwa wanaohusika.

Kwanza, mbata ipimwe kwa daraja. Karafuu zetu hununuliwa na Shirika la Taifa la Biashara la Zanzibar kwa madaraja, na kila mkulima anajua kwamba karafuu kavu na safi ina bei yake, na iliyochanganyika ina bei yake. Nidhamu hiyo ndiyo iliyolilinda jina la karafuu ya Zanzibar. Kwa nini mbata, iliyo mali ya watu wengi zaidi vijijini, iuzwe kwa kukisia kwa macho? Ikiwa mkulima aliyekausha kwa siku za kutosha hupata bei sawa na aliyeokota na kurundika, hakuna semina itakayomfanya aongeze siku moja ya kuanika.

Pili, pawe na mahali pa kupima karibu na wakulima. Kupima maji ya mbata na asidi huru ya mafuta ni kazi nyepesi ya maabara ndogo, na mwanafunzi aliyemaliza masomo ya sayansi anaweza kufundishwa kuifanya. Taasisi ya Viwango Zanzibar na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali zikiweka utaratibu, vyama vya ushirika vinaweza kuuendesha.

Tatu, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kipewe jukumu na fungu la kufanya majaribio madogo ya lipasi iliyoshikizwa kwa mafuta yetu wenyewe, ya nazi na ya makonyo. Kazi hiyo iendeshwe na vijana wetu, na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili ili mkulima na mfanyabiashara wayasome. Faida ya kwanza ya majaribio hayo itakuwa watu wanaojua kuuliza maswali. Siku muuzaji wa mitambo atakapokuja na picha zake nzuri, awepo mtu wetu wa kumuuliza chembe zake hudumu muda gani kwa mafuta ya asidi kiasi gani, zinauzwa na nani, na kama tunaweza kununua kwa mwingine. Mkataba unaotufunga kwa muuzaji mmoja wa chembe ni sawa na kununua taa ambayo mafuta yake yanauzwa katika duka moja tu duniani.

Nne, wanaotunga viwango wasisubiri bidhaa zijazane ndipo waanze kuzichunguza. Kampuni ya Kao ya Japani ilianza mwaka 1999 kuuza mafuta ya kupikia yaliyotengenezwa kwa lipasi iliyoshikizwa, na wateja wakayapenda kwa kuwa yalisifiwa kutonenepesha. Mwaka 2009 kampuni yenyewe iliyaondoa sokoni, baada ya kukutwa humo esta za glisidoli kwa kiasi kilichotia wasiwasi wa afya. Esta hizo huzaliwa mafuta yanapotolewa harufu kwa joto kubwa, si katika kazi ya kimeng'enya. Lakini somo ni lile lile: kitu kipya katika chungu cha mwananchi kinahitaji jicho la mpimaji tangu siku ya kwanza. Na kwa kuwa tunataja afya, tuseme wazi kwamba mafuta ya nazi, ingawa hayana transi, yana mafuta mazito karibu asilimia 90. Kuyauza kwa viwanda vya vipodozi hakumaanishi kuyanywa kama dawa.

Tunajua kwamba mkwezi anayepanda mnazi mrefu asubuhi, na mama anayefua nazi uani, hawana haja ya jina la lipasi ili siku yao ipite. Lakini wana haja, tena haja kubwa, ya bei inayotambua kazi yao. Vijana wengi hawataki tena minazi kwa sababu wameona wazee wao wakihangaika na mbata msimu mzima na kurudi na fedha isiyotosha hata ada za shule. Mnazi usiolipa haupandwi upya, na mnazi usiopandwa upya utatuacha siku moja tukiagiza hata tui la mchuzi wetu.

Mlolongo wa mambo haya hauwezi kugeuzwa. Bei ya haki huleta mbata kavu. Mbata kavu huleta mafuta safi. Mafuta safi hukubali ujuzi mpya. Na ujuzi mpya huleta bidhaa yenye jina letu. Anayetaka kuanza na mtambo anaanza na paa kabla ya msingi. Tunaiomba Serikali itangaze madaraja ya mbata kabla ya mavuno yajayo, na tunawaomba wakulima, yakishatangazwa, wasikubali kuuza mbata yao hata kidogo bila ya kupimwa.